Wauza flashi feki za GB 64 Malindi, rudisheni pesa za watu!

Wana jamvi, salaam. Leo siombi msaada wa kiufundi. Nimekuja kulalamika, na nina hasira kwelikweli.

Mimi niko Amu (Lamu), mtaa wa Langoni. Vijana wa hapa huniletea laptopu zao niwapigie Windows upya, na kazi hiyo imezidi tangu Microsoft ikome kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Laptopu nyingi za mtumba zilizoko huku hazina TPM 2.0, kifaa cha usalama kinachodaiwa na Windows 11, ndiyo maana natumia programu ya Rufus: ni ya bure, na inaweza kuliondoa sharti hilo wakati wa kuandaa flashi ya kubutia, yaani ya kuwashia kompyuta ili kuingiza Windows. Sasa binti wa jirani, mwanafunzi wa chuo, akaniletea yake. Nikamwagiza jamaa aliyekuwa Malindi aninunulie flashi mbili za GB 64, moja ya kubutia na nyingine ya kuhifadhia faili za binti kabla diski haijafutwa. Hakununua kwa mchuuzi wa barabarani. Alinunua dukani, akapewa risiti, pakiti zimefungwa vizuri na GB 64 imechapishwa kubwa mbele.

Nikanakili faili zote kwenye flashi ya pili, hakuna kosa hata moja lililotokea. ISO ya Windows 11, yaani faili moja lenye Windows nzima, inazidi GB 5, nimeishusha kwa bando langu usiku kucha. Rufus ikaandika mpaka ikasema tayari. Kuwasha laptopu, flashi haibuti! Nikahangaika na Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwasha), nikabadilisha mpangilio wa flashi kutoka GPT kwenda MBR, nikahamisha poti, wapi. Mwishowe nikachukua flashi yangu kuukuu ya GB 8, ISO ileile, Rufus ileile, Windows ikaingia bila tabu. Nikamshukuru Mungu, nikachomeka flashi ya pili nimrudishie binti vitu vyake.

Majina ya faili yote yapo. Ukubwa wa kila faili unaonekana. Folda za mwanzo zinafunguka vizuri, lakini ukiendelea chini picha hazifunguki, video hazichezi, na ripoti yake ya mafunzo ya kazini, Word inasema imeharibika. Binti amekaa pembeni yangu anaangalia. Mimi nilimwambia nini? Nilimwambia faili ziko salama, kwa sababu kompyuta ilisema zimenakilika!

Nikazipima zote mbili kwa H2testw, programu ya kupima nafasi ya kweli ya flashi. Nafasi ya kweli haifiki hata GB 8. Kwa wasiojua wizi huu unavyofanyika: ndani ya flashi kuna chipu ya kumbukumbu na chipu ya kidhibiti. Walaghai huchukua kumbukumbu ndogo, kisha wanakiandika upya kidhibiti kiiambie kompyuta kwamba nafasi ni GB 64. Kompyuta inaamini. Ukipita ile nafasi ya kweli, data inatupwa au inaandikwa juu ya ile ya mwanzo, na wewe unaona mstari wa kijani umefika mwisho. Ndiyo maana ile ya kwanza haikubuti. ISO ya Windows ikiwa na faili inayozidi GB 4, mfumo wa faili wa FAT32 hauwezi kuibeba, basi Rufus inatumia mfumo mwingine, NTFS, na kuweka kipande kidogo cha kubutia mwisho kabisa wa flashi. Mwisho huo kwenye flashi hizi haupo!

Nikampigia mwenye duka. Kwanza akasema, "Umeiformati mwenyewe bwana, umeiharibu." Nikamweleza vipimo. Akasema mali ikishauzwa hairudishwi, iko kwenye risiti. Nilipozidi kubishana ndipo akatoa la moyoni: "Kama ulitaka orijino ungesema, orijino bei yake nyingine." Kumbe anajua! Anajua anachouza, na pakiti anaipanga kwenye kioo pamoja na nyingine.

Halafu ananiambia nizilete mwenyewe "tuangalie". Kutoka Amu ni boti mpaka Mokowe, kisha basi kupitia Witu na Garsen mpaka Malindi, na kurudi. Nauli inazidi bei ya flashi zenyewe. Wanalijua hilo pia, wanajua mtu wa visiwani atanyamaza.

Sinyamazi. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mnunuzi haki ya bidhaa ya ubora unaofaa, haki ya kupewa taarifa anazohitaji kuhusu bidhaa, na fidia akipata hasara. Maandishi ya risiti hayaishindi Katiba. Nataka pesa yangu, na nataka zile zilizobaki ziondolewe kwenye kioo. Tena asiseme kupima kunachukua siku nzima. F3, programu ya kupima flashi kwenye Linux, ina amri ya f3probe, na inaitambua flashi feki kwa muda mfupi ikiwa bado tupu. Apime mbele ya mteja kabla ya kupokea pesa.

Na nyinyi mnaoandaa flashi za kubutia, kwenye Rufus kuna kisanduku cha kukagua sehemu mbovu, kiwekeni alama kwa kila flashi mpya. Kinachelewesha, lakini feki inanaswa.

Aliyenunua flashi Malindi ya GB 32 au 64 ikapita H2testw nzima, aandike hapa bei na mwezi alionunua. Na aliyewahi kurudishiwa pesa na maduka haya aseme alifuata njia gani, maana Jumatatu napeleka malalamiko yangu kwa maandishi.