Mjadala: Mtoto anayewaacha wenzake mbali arushwe darasa au asubiri umri wake?

Nianze kwa kusema niko upande gani: arushwe. Binti yangu ana miaka minane. Zoezi la hesabu analimaliza mwalimu akiwa bado anaandika ubaoni, na zawadi yake ni maswali mengine kumi ya namna ileile. Nilipokwenda kwa mwalimu mkuu nikajibiwa, "Akili anayo, ila bado mdogo." Mdogo kwa kipimo gani? Kimya. Basi mpeni mtihani wa kumalizia mwaka wa darasa la mbele. Akifeli, sirudi tena ofisini kwenu.

Mnaogopa atakuwa mpweke. Mbona upweke alionao sasa, kukaa na watoto arobaini asiweze kuongea na hata mmoja juu ya anachokipenda, hauhesabiwi? Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, kilitoa ripoti mwaka 2004 iliyopitia tafiti za nusu karne: kwa ujumla waliorushwa hufanya vizuri masomoni, na hawaharibikiwi kijamii kama tunavyotishwa.

*Mwalimu wa msingi:*
Mzazi mwenzangu, kila muhula napokea wazazi watano wenye "mtoto wa ajabu". Wanne wana mtoto aliyefundishwa mapema tu nyumbani. Na msisahau William Sidis, yule mtoto wa Marekani aliyesifika kwa akili: aliingia Harvard mwaka 1909 akiwa na miaka 11, ukubwani akawa mtu wa kukwepa watu na kufanya vibarua vya ofisini.

*Mwanzisha mada:*
Sidis alianikwa magazetini tangu utotoni. Hilo nalo halikumsumbua? Mtazame Terence Tao, mwanahisabati wa Adelaide, Australia. Alipandishwa somo kwa somo. Akiwa na miaka 9 alihudhuria hesabu za chuo kikuu huku masomo mengine akiyasoma sekondari. Mwaka 2006 akapata Nishani ya Fields, tuzo kubwa ya hisabati duniani.

*Mwalimu wa msingi:*
Somo moja, sawa, hapo sikupingi. Kinachotushinda ni ratiba. Wakati darasa la mbele wana hesabu, darasa lake wanasoma lugha. Hicho kipindi cha lugha atakifidia nani? Ukija ofisini njoo na jibu la hilo, utasikilizwa kuliko ukija na Iowa.

*Aliyerushwa zamani:*
Mimi nilirushwa. Masomo hayakunipa shida hata kidogo. Shida ilikuwa uwanjani, nilikuwa kimbaumbau nachaguliwa wa mwisho kila siku, na yote yaliamuliwa na watu wazima. Hao hao wa Iowa wana mwongozo wa kupima nani arushwe, nao unasema mtoto asiyetaka asirushwe, wala asipelekwe darasa aliko ndugu yake. Binti mwenyewe ameulizwa?

*Mwanzisha mada:*
Umenibana. Nimemuuliza jioni hii. Anazitaka hesabu za mbele, ila kiti chake kisihamishwe. Anakaa na rafiki yake. Kesho narudi kwa mwalimu mkuu kuomba ile ratiba.