Mrejesho: kilele cha maji ya mto Ruaha Mkuu kilichokuwa kinawahi

Wakuu, niliuliza kwa nini modeli yangu ya SWAT (programu ya kukadiria mtiririko wa mito) inafikisha kilele cha maji Msembe, kituo cha kupima mto, wiki kadhaa kabla ya vipimo halisi, wakati huko juu milimani inakwenda sawa tu.

Aliyeniambia "angalia Ihefu", yaani kinamasi cha Usangu kilicho juu ya Msembe, alilenga penyewe. Mito ya Usangu hukijaza kwanza, maji yanatandaa, ndipo yanavuka kizingiti cha mwamba pale Ng'iriama. Nimekiingiza kinamasi kama bwawa, maji yakitoka kulingana na kina, na kilele kikasogea. Kuchezea CN2, namba inayoamua mvua kiasi gani itiririke juu ya ardhi, kusingesaidia kitu. Hiyo inabadili kiasi zaidi kuliko wakati.

Mvukizo, yaani maji yanayopotea hewani kupitia udongo na majani ya mimea, nao ulikuwa kituko. Kwa mipangilio ya kawaida SWAT hukuza mimea kwa kufuata mwaka wa kalenda, basi ndani ya modeli majani yanapukutika Desemba, mvua zilizoanza Novemba zikiwa zimekolea! Nimehamishia mwanzo wa ukuaji Novemba.

Kimebaki kiangazi: mto umekuwa ukikauka tangu miaka ya 1990, modeli bado inachuruzisha maji. Mifereji ya mpunga inayochota maji sijaiweka, ndiyo inayofuata.