Ushauri: Kula na kunywa Hispania kwa bajeti ya mwanafunzi, mmoja wetu hali kitimoto wala hanywi pombe

MwanaTanga:
Habarini wakuu. Niko Ujerumani kimasomo, na mwishoni mwa Septemba mimi na mshikaji wangu tunashuka Hispania kwa wiki mbili hivi. Njia yetu ni Barcelona, Madrid, Granada, halafu Sevilla kama pesa bado itakuwa inapumua. Usafiri na hosteli tumeshalipia, limebaki tumbo. Tumetenga euro 25 kwa siku kwa kila kichwa, chakula na vinywaji vyote humo humo.

Shida ni kwamba mimi bia nakunywa na sichagui chakula. Mwenzangu ni Mwislamu aliyeshika dini. Pombe hagusi, kitimoto hata harufu hataki, na nyama isiyo halali anaiacha. Samaki na mboga hana neno. Sasa kila video ya Hispania ninayofungua ni mapaja ya nguruwe yananing'inia darini. Sitaki ashinde na mkate na maji huku mimi nakula bata. Mliowahi kuishi au kupita huko, tule wapi, saa ngapi, tuagizeje, na wapi tusikanyage kabisa? Nawasilisha.

Mkazi_wa_Lavapies:
Mkuu, 25 inatosha, ila lazima mkubali saa zao. Ukienda kutafuta chakula cha jioni saa kumi na mbili utakuta jikoni kumefungwa, na panapouzwa chakula muda huo ni pa watalii. Wenyewe wanakula mchana kuanzia saa nane, usiku kuanzia saa tatu.

Mlo wa kuwekea pesa ni wa mchana. Jumatatu hadi Ijumaa karibu kila baa ya mtaani inaandika kwa chaki menú del día. Kwa bei moja unapata sahani ya kwanza (dengu, saladi, supu, wali), sahani ya pili ya samaki au nyama, mkate, kinywaji, na kitu kitamu au kahawa. Mitaa ya kawaida ya Madrid ni kama euro 12 hadi 16. Kinywaji ni chaguo lako: bia, divai, maji au soda, kwa hiyo mwenzako hapunjwi. Huu utaratibu ulianza miaka ya 1960 wakati wa dikteta Franco, serikali ilipoilazimisha migahawa iwe na mlo wa bei moja kwa ajili ya watalii. Leo wanaouweka hai ni mafundi na makarani. Ukiona saa nane mchana mafundi wamejaa ndani na nguo zao za kazi, ingia. Ukiona picha za paella, ule wali wao, zimebandikwa mlangoni na kijana anakuvuta kwa Kiingereza, pita.

Ukishiba hivyo, jioni huhitaji mlo. Unasimama kaunta na caña, ile glasi ndogo ya bia, na kitu cha kutafuna. Nasema kaunta kwa makusudi, maana baa nyingi meza za nje zina bei yake ya juu kwa kitu kile kile. Na maji: tangu 2022 sheria inaitaka migahawa na baa kumpa mteja maji ya bomba bure. Sema "agua del grifo". Ukisema "agua" tu utaletewa chupa na utailipia. Ya Madrid ni matamu, ya Barcelona yana ladha nzito ila hayana madhara.

Ummu_Salma:
Asalaam aleikum mwanangu. Nimekaa Málaga miaka, nami niongeze kwa upande wa huyo rafiki yako, kwani menyu ya ubaoni haisemi yote.

Nguruwe wa Hispania hujificha. Hizo dengu alizozitaja ndugu hapo juu mara nyingi zimepikwa na chorizo, soseji ya nguruwe. Maharagwe mabichi huja na vipande vya jamón, yale mapaja ya nguruwe yaliyokaushwa. Salmorejo ya Córdoba, ule uji baridi wa nyanya na mkate, hunyunyiziwa mayai na jamón juu, basi aombe bila. Croquetas, vidonge vya kukaanga vyenye uji mzito ndani, usiulize, nyingi ni za jamón. Hata vitamu: biskuti za mantecados na polvorones hutengenezwa kwa mafuta ya nguruwe, na mkate mtamu wa ensaimada vilevile. Tena asiseme tu kwamba hali nyama, kwa sababu wapo wahudumu ambao kwao jamón si nyama, ni kama chumvi. Aseme: "No como cerdo, ni jamón," yaani sili nguruwe wala jamón. Aitaje jamón kwa jina lake.

Asiogope, kusini atakula vizuri kukushinda wewe. Sevilla kuna espinacas con garbanzos, mchicha na dengu kubwa zilizoungwa kwa bizari ya pilau na vitunguu saumu. Mpaka leo sijala mboga ya Kizungu iliyonikaribisha namna ile. Kuna bilinganya za kukaanga zilizomwagiwa asali ya miwa. Kuna boquerones, dagaa wakubwa wa siki au wa kukaanga. Ufukweni Málaga wanachoma sardini kwenye mti, mbele ya moto wa kuni uliowashwa ndani ya mashua ya zamani. Yaitwa espetos, na bei yake haitishi. Cha kuuliza ni mafuta tu, maana kuna jikoni zinakaanga samaki na croquetas kwenye mafuta yale yale.

Akitaka nyama halali, Madrid aende Lavapiés, Barcelona aende Raval kwa Wapakistani, Granada apande vichochoro vya Calderería kwenye chai na vyakula vya Kimoroko.

MwanaTanga:
Shukrani sana mama, nimemtumia mwenyewe asome. Swali: ile habari ya Granada kwamba ukinunua kinywaji unapewa chakula bure ni kweli au hadithi za mtandaoni? Na akiagiza soda naye anapewa?

Mpanda_Basi:
Ni kweli kabisa, na soda inahesabika. Granada kila kinywaji kinakuja na tapa yake, kisahani kidogo cha chakula, bila kuiomba, na ukiongeza kinywaji cha pili tapa inabadilika. Kinywaji ni kama euro 2.5 hadi 3.5. Mara nyingi wewe huchagui, jikoni ndio wanaamua, kwa hiyo mwenzako atamke habari ya nguruwe pale pale anapoagiza soda, asisubiri sahani ifike. Wengi watambadilishia jibini, zeituni au samaki bila kununa. Utaratibu huo upo pia Jaén, Almería, na León kule kaskazini. Barcelona sahau. Sevilla tapa unailipia, kama euro 3 hadi 5 moja.

Akichoka na soda aagize mosto. Ni juisi ya zabibu, baa nyingi wanayo.

Ummu_Salma:
Mosto ndiyo, ila kwa tahadhari. Madrid na kwingineko kwingi ni juisi. Ukifika Jerez, au vijiji vya Aljarafe nje ya Sevilla, mosto ni divai changa, na ina kilevi. Msimu wake huanza kama Novemba, hivyo Septemba hatari ni ndogo, lakini huko aulize kwanza. Bia nayo hivyo hivyo: "cerveza sin", ile iitwayo bila kilevi, kwa kanuni zao yaweza kuwa na kilevi kidogo, chini ya asilimia 1. Asiyetaka hata tone aagize iliyoandikwa 0,0.

Hesabu_Kwanza:
Naona mnaimba Granada kama vile hakuna anayelipa. Piga hesabu. Vinywaji vinne ni euro 10 hadi 14, na ulichokula ni kipande cha mkate, viazi, mkate tena, na dagaa watatu. Kwa mnywaji wa bia sawa, angezinywa tu. Kwa mtu wa soda, hizo ni chupa nne za sukari ili apate mlo wa mtoto. Granada nendeni, mfurahi usiku mmoja au miwili, msiifanye ndio mpango wa kushiba.

Bajeti inaokolewa na supamaketi. Mercadona nyingi zina upande wa vyakula vilivyoiva. Hapo kuna tortilla de patatas nzima kwa euro chache, watu wawili mnashiba. Hii tortilla ni binamu wa chipsi mayai, ila viazi vinapikwa taratibu kwenye mafuta ya zeituni mpaka vinalainika, na inatoka nene kama keki. Wenyewe wanagombana iwe na kitunguu au isiwe nacho, na ugomvi ni wa kweli. Mimi ni wa kitunguu. Ongeza mkate, nyanya, zeituni, na kopo la kome au sardini. Samaki wa kopo wa Hispania sio wa kudharau, kuna ya bei kubwa watu wanapeana zawadi.

Mkae bustanini mle. Bia ya barabarani ndio msiiguse, miji mingi wana faini kwa kunywa hadharani.

Mkazi_wa_Lavapies:
Hesabu_Kwanza ana hoja, lakini mkuu, usisafiri mpaka Hispania ukalale na tortilla ya supamaketi kila siku. Baa ndiyo sebule ya mtaa. Mchana menú, usiku mmoja supamaketi, unaofuata kaunta. Hapo 25 haiishi.

Mkiwa Madrid, kando ya Plaza Mayor kuna bocadillo de calamares, mkate uliojazwa ngisi wa kukaanga, kama euro 4 hadi 6, na mwenzako anakula, ila aulize mafuta kwanza kama mama alivyosema. Asubuhi churros, vijiti vya unga vya kukaanga, na chokoleti nzito ya kuchovya. Mkahawa wa San Ginés wanaiuza tangu 1894, foleni ipo ila inakwenda.

Pwani_Bilbao:
Hamjambo ndugu zangu. Najua kaskazini haiko kwenye njia yenu, lakini mkipata nafasi siku nyingine: huku vitafunio vinaitwa pintxos, vimepangwa kaunta, vingi vimechomwa kijiti, na ni rahisi kujisahau mpaka bili ije. San Sebastián ndiko pesa inakotoroka zaidi. Alhamisi jioni mtaa wa Gros wana pintxo-pote, kinywaji na kipande kimoja kwa bei ya kutupa, vijana wote wako huko. Wewe mnywaji jaribu kalimotxo, divai nyekundu na kola nusu kwa nusu. Najua unacheka.

MwanaTanga:
Nimecheka kweli 😂 Naona mpango umekaa. Mtusaidie na Barcelona, maana tunatua pale Jumapili usiku, na jamaa akifika na njaa hasemeshwi.

Mpanda_Basi:
La Rambla msikae chini kabisa. Yale majagi ya sangria mezani ni ya watalii, Wahispania wenyewe joto likizidi wanaagiza tinto de verano, divai na soda ya limau, tena bei nafuu. Mkate ukiletwa mezani hamjauagiza, ulizeni kama unalipiwa. Pan con tomate ndiyo kifungua kinywa chenu: mkate uliopakwa nyanya, mafuta ya zeituni na chumvi, hauna shaka yoyote ila mwenzako asikubali "con jamón" juu.

Jumapili usiku supamaketi nyingi za Barcelona zimefungwa, tofauti na Madrid ambako zinafunguliwa. Tafuteni vijiduka vya Wapakistani, au nendeni moja kwa moja Raval, kebabu na biriani halali mpaka usiku mwingi.

Halafu angalia tarehe zako. Septemba 24 ni La Mercè, sikukuu ya jiji. Minara ya watu wanaopandiana mabegani, fataki, muziki uwanjani, vyote bure, lakini ni siku ya mapumziko: maduka yanafungwa na menú del día huenda msiione, au mkaikuta kwa bei ya sikukuu. Kama inaangukia siku zenu, nunueni tortilla na maji siku moja kabla.