Mrejesho: Preikestolen tumefika, Kjerag tumeishia njiani

Ndugu zangu, niliwaomba ushauri kuhusu kupanda Preikestolen, jabali lenye kilele bapa, na mlima Kjerag, yote juu ya Lysefjorden, ghuba nyembamba ya bahari huko Norway, na kulala kwenye hema. Nawashukuru kwa dhati nyote mlionijibu.

Kuanza kupanda Preikestolen alasiri, wakati wageni wengi wanateremka, kulitufaa sana, na ngazi za mawe zilizojengwa na Washerpa, watu wa milimani kutoka Nepal, zilitupunguzia uchovu kwenye miinuko mikali. Hema tulilisimamisha mbali na ukingo, ulio mita 604 juu ya maji. Kwa kuwa udongo juu ya mwamba wa granaiti ni mwembamba mno na vigingi havikushika, tulifunga kamba kwenye mawe mazito kama mlivyotuelekeza, na upepo wa usiku haukuling'oa. Tulipikia jiko la gesi, kwani kuanzia Aprili 15 hadi Septemba 15 ni marufuku kuwasha moto misituni au karibu na misitu.

Kjerag hatukufika juu. Mvua ilianza tukiwa kwenye mwinuko wa kwanza wenye minyororo, mwamba ukawa unateleza, nasi tukafuata neno la yule aliyesema kwamba minyororo ni msaada wa mkono tu na haiondoi hatari ya jiwe lililolowa. Naona kugeuka kulikuwa sahihi kabisa. Atakayekwenda aitengee Kjerag siku kavu ya kwanza atakayoipata, kisha Preikestolen ifuate, kwa sababu njia yake huvumilia manyunyu zaidi.

Asanteni sana.