Kwanini seli itumie ATP kuvunja protini yake yenyewe?

Kijana_Shangani
Wakuu habari za jioni. Nipo fomu siksi PCB hapa Mtwara, kwenye diskasheni yetu kuna kitu kimetugomea. Ukila samaki, pepsini na tripsini, zile enzaimu za kumeng'enya chakula, zinaikata ile protini bila kutumia ATP (molekuli inayobeba nishati ya seli) hata moja, na tumefundishwa kabisa kwamba kukata bondi ya peptaidi, ile inayounga asidi amino za protini, kwa maji kunatoa nishati. Sasa mbona seli ikitaka kuvunja protini yake inadaiwa ATP? Si hasara hiyo? Mwenye kujua atusaidie, mtihani ndo huo unakuja.

Mwl_wa_Masasi
Swali zuri sana hili mwanangu. Tangu 1953 ilionekana vipande vya ini vikinyimwa nishati vinaacha kuvunja protini zake, na fumbo likakaa hivyohivyo zaidi ya miaka ishirini. Jibu ni kwamba ATP hailipii kukata, inalipia kuchagua. Ni kama korosho zikifika ghalani, kazi sio kumwaga gunia, kazi ni kuchambua ipi nzima ipi mbovu. Pepsini haichagui, ukiiachia ndani ya seli inakula mpaka zilizo nzima. Kwahiyo seli imefungia sehemu za kukatia ndani ya protiasomu, kitu chenye umbo la silinda, na mlango wake ni mwembamba mno protini iliyokunjika haipiti.

Sasa ili ipite lazima iwekwe alama, na alama yenyewe ni yubikwitini, kaprotini ka asidi amino 76 tu. Enzaimu E1 inaiamsha yubikwitini (hapo ATP ya kwanza), E2 inaipokea, E3 ndo inayoitambua protini ya kuondolewa na binadamu tuna aina zaidi ya 600 za E3, zikishaungwa yubikwitini nne hivi kwa mnyororo protiasomu inaishika, inaikunjua kwa ATP nyingine na kuivuta ndani. Yubikwitini zinabanduliwa zikatumike tena, na vile vipande vinamaliziwa na enzaimu zingine mpaka asidi amino. Hershko, Ciechanover na Rose walipata Nobeli ya kemia 2004 kwa hili.

nesi_lindi
Naongezea, maana hili linagusa watu wetu. Virusi vya HPV aina ya 16 na 18 vina protini inaitwa E6, inaikamata E3 moja ya seli na kuisogeza kwa p53, ile protini inayozuia seli yenye DNA iliyoharibika isigawanyike. p53 inawekwa alama, inavunjwa, seli inabaki haina mlinzi, na huko ndo saratani ya mlango wa kizazi inakopitia. Dada zangu wapelekeni mabinti wakachanjwe jamani, chanjo ni kabla ya maambukizi sio baada.

Kijana_Shangani
Shikamoo mwalimu, asante na wewe dada. Sasa mitokondria iliyochoka, ile sehemu ya seli inayotengeneza ATP, nayo inapita kwenye kamlango hako?

Mwl_wa_Masasi
Marahaba. Haipiti, ni kubwa mno. Hiyo inafungwa kwenye utando inapelekwa laisosomu, kifuko cha seli chenye enzaimu za kuvunjia vitu, ndo otofaji, jina alilitoa mwanasayansi de Duve 1963, halafu Ohsumi wa Japani akazipata jeni zake kwenye hamira aliyoinyima chakula, Nobeli 2016. Ila usiwaambie wenzako huko ni bure, laisosomu inatumia ATP kusukuma protoni ndani ili ibaki na asidi, bila hivyo enzaimu zake hazifanyi kazi.