Kabati la vyombo Dodoma: mninga, mtiki, paini au MDF?

fundi_wa_jumamosi: Wakuu, habari za jioni. Nataka kujiundia kabati la vyombo, kimo futi 6, upana futi 4, milango miwili na droo moja. Niko Nzuguni. Zana ninazo: randa ya mkono, msumeno, drili na klampu mbili. Kila muuza mbao anavutia kwake: mninga, mtiki, paini ya Mafinga. Mwingine anasema niachane na mbao, nichukue MDF, zile bodi za nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi. Nishike lipi bila kufilisika?

mtoto_wa_Sikonge: Mninga, mjadala umeisha. Nyumbani kwa marehemu babu mchwa walikula mpaka fremu ya mlango, kabati la mninga wakalipita. Ila vaa barakoa ukipiga msasa, vumbi lake linawasha pua. Na uliza kama mzigo una kibali cha TFS, wakala wa misitu.

mama_wawili_Kisasa: MDF ninayo. Milango ya juu safi kabisa, rangi inakaa kama kioo. Ya chini ya sinki, bomba lilivuja siku chache tu, ubao ukaumuka kama andazi. Na skrubu ya bawaba ikishang'oka, tundu lile halishiki tena.

seremala_mstaafu: Kijana, umeuliza majina ya miti, hujauliza kama imekauka. Hapa kwetu mvua ni Desemba hadi Aprili, baada ya hapo ni upepo mkavu tu. Mwaka mmoja nilimtengenezea mteja milango ya mninga mwezi Machi. Ilipofika Septemba ufa katikati ya mlango unaingiza sarafu. Mninga ule ule mnaousifu!

Fanya hivi. Omba kipande cha mbao unayotaka kununua, kipime kwenye mizani ya jikoni, kiache sebuleni wiki moja, pima tena. Kikipungua, mbao hiyo bado ina maji. Na jua kwamba ubao husinyaa kwa upana, urefu karibu haubadiliki. Kwa hiyo ubao wa katikati ya mlango uuchomeke kwenye mfereji wa fremu BILA gundi, ubaki na nafasi ya kupumua.

fundi_wa_jumamosi: Shikamoo mzee. Kwa hiyo paini ikikauka inatosha?

seremala_mstaafu: Marahaba. Kwa mbavu na rafu inatosha, ila ipakwe dawa ya mchwa na miguu isigusane na sakafu yenye unyevu. Paini ni laini, ukucha tu unaacha alama. Rafu ya futi 4 ukiipandishia masufuria itabonyea, weka kizuizi katikati. Fremu za milango tia mninga, bawaba zinashika. Mgongo plywood, hiyo haikusumbui kwa kusinyaa.

Ihumwa_mbao: Mtiki mmeusahau. Mzuri, lakini miti michanga ina weupe mwingi pembeni, na weupe huo unaliwa na wadudu. Chagua mbao ya kiini. Ina mafuta pia, ifute kwa tina (thinner) kabla ya gundi.

mtoto_wa_Sikonge: Mzee, ule mninga wako wa Machi hakika haukutoka Tabora 😂

fundi_wa_jumamosi: Mrejesho. Kipande cha paini "iliyokauka kabisa" Jumamosi iliyopita kilikuwa gramu 412. Leo ni 371. Kesho narudi kwa muuzaji, na mizani naibeba.