Je, halmashauri ilipe walezi wa jioni kwa vijana wetu? Mimi nasema ilipe

Mkutano wa mtaa wetu huku Temeke ulikuwa na ajenda moja: mchango wa ulinzi shirikishi upande kutoka Sh2,000 hadi Sh3,000 kwa kaya. Mama mmoja anayeuza chapati akasimama. "Hao tunaochangishwa ili tulindwe dhidi yao si watoto wetu wenyewe? Kwa nini hela hiyo isiwatafutie pa kukaa jioni?" Mzee mmoja akamjibu: "Mama, malezi ni ya mzazi. Serikali haikukuzalia." Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga, na jibu lile limenikaa rohoni. Kwangu, halmashauri iwalipe watu wazima wa kukaa na vijana hao jioni.

Hoja ya mzee ina uzito. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Lakini mzazi anayesemwa hapa namjua. Anatoka saa kumi alfajiri kuwahi mzigo sokoni, anarudi saa tatu usiku yuko hoi. Mwanawe anasoma shule ya mikondo miwili, na akiwa zamu ya asubuhi, saa sita mchana yuko mtaani. Hayo ni masaa tisa hana mtu mzima wa kumuuliza umekula, umesoma, uko na nani. Anaulizwa na kibanda umiza cha video, dubwi la kamari na kijiwe.

Kuna kijana wa miaka 14 jirani na kwangu. Karibu kila usiku namkuta barazani kwa duka lililofungwa, chini ya taa ya mlangoni, daftari la hesabu limekunjwa mfuko wa nyuma. Juzi nikamuuliza mbona hasomei nyumbani. "Shikamoo mjomba. Ndani tuko sita, taa inazimwa mapema." Pembeni yake wamekaa kaka zake wa mtaani, na mmoja alikuwa anamgawia chipsi. Siku wakimtuma kitu, atawakatalia kwa mdomo gani?

Septemba 2022, magenge ya vijana wanaoitwa panya road yalipoitikisa Dar es Salaam, tulilala na mapanga chini ya vitanda. Polisi wakafanya operesheni, mji ukatulia. Sipingi polisi. Ila operesheni humkuta kijana akiwa ameshafika mwisho wa njia. Mimi nazungumzia yule ambaye bado ana daftari mfukoni.

Wengine wanasema serikali imeshafanya yake, mikopo ya asilimia 10 ipo. Sawa, tuisome vizuri. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Lakini kijana wa mkopo ni wa kuanzia miaka 18, akiwa kwenye kikundi. Huyu wa miaka 14 haingii. Na Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 94, inaipa mamlaka ya serikali za mitaa wajibu wa kulinda na kuendeleza ustawi wa mtoto katika eneo lake. Kwa hiyo mzee wangu, kisheria halmashauri nayo ni mlezi.

Kwamba kituo cha vijana cha kukaa jioni kinasaidia, tuwatazame waliovifunga vyao. London, kati ya 2010 na 2019, karibu asilimia 30 ya vituo vya vijana vilifungwa ili kubana matumizi. Utafiti wa 2024 wa Institute for Fiscal Studies, taasisi ya utafiti ya Uingereza, ulikuta kwamba kwa vijana wa miaka 10 hadi 17 waliopoteza kituo cha karibu, uwezekano wa kufanya uhalifu ulipanda kwa asilimia 14, na kila pauni iliyookolewa iliigharimu jamii karibu pauni 3.

Hapa naomba wanaoniunga mkono wasishangilie haraka. Utafiti wa Sweden wa mwaka 2000, juu ya vijana wa miaka 14 hao hao, ulionyesha kuwa vituo vya kukaa tu bila ratiba viliendana na utukutu zaidi, wakati shughuli zenye mpangilio na msimamizi ziliendana na tabia njema. Ukijenga jengo bila mlezi, umejenga kijiwe chenye paa.

Ndiyo maana sitaki jengo jipya wala uzinduzi wa kukata utepe. Madarasa tunayo, usiku yamelala. Vijana wawekewe humo taa, uji na walezi wawili wanaolipwa kila mwezi: kocha wa timu ya mchangani, mwalimu anayesubiri ajira, fundi wa gereji. Kujitolea tumejaribu, mtu wa kujitolea akipata kibarua anaondoka, na mtoto aliyemzoea anaachwa mara ya pili. Mabinti wapewe mlezi mwanamke na watoke kabla giza halijaingia.

Fedha zitaliwa? Hofu hiyo si ya bure. Mikopo ya asilimia 10 ilisimamishwa kwa muda Aprili 2023 baada ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kuonyesha fedha nyingi hazikurejeshwa. Basi majina ya walezi, malipo yao na mahudhurio ya kila wiki vibandikwe ofisi ya mtaa, kila mzazi ajihesabie.

Kinachonisumbua ni kimoja. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani nilipomgusia alisema madawati yakivunjwa usiku yeye ndiye ataandikiwa barua, na namwelewa. Waalimu na wenyeviti wa mitaa mnaonisoma: ufunguo wa darasa ukae kwa nani?